Usalama wa Kukodi

Nje ya uwanja wa ukaguzi wa magari, Malindi,
kwenye kivuli cha ukuta wa ghala la korosho,
nina meza, kiti cha plastiki, daftari la kurasa mia.
Wengine hapa huuza mahamri.
Mimi hukodisha usalama.

Kizimamoto, kimoja, shilingi mia kwa saa.
Pembe tatu za kuakisi mwanga, jozi, hamsini.
Sanduku la huduma ya kwanza, thelathini
(bendeji ni ileile tangu mwaka wa korona,
haijawahi kuonana na damu).
Taa ya nyuma ya tuktuk ninayo pia:
hufungwa kwa waya, hufunguliwa
kabla injini haijapoa.

Sheria sijaipinga hata siku moja.
Breki zishike, honi ilie,
tairi lisiwe kibogoyo,
na gari likikwama njiani litoe ishara, liseme: nipo hapa.
Mkaguzi Barasa ana kalamu, ana orodha.
Huuliza, "Kipo?"
Dereva hujibu, "Kipo."
Wala hakuna aliyesema uongo.
Kwa dakika kumi na mbili, kipo.

Nimehesabu: kizimamoto changu kimekaguliwa
mara mia mbili na kumi na nne.
Kingekuwa mtu, kingeitwa haji.

Jumanne ile alikuja Kitsao, mtoto wa dada yangu Jumwa,
na tuktuk ya buluu, deni lake la kila Ijumaa.
Nikamwambia, wewe sikutozi,
ila nirudishie kabla ya saa sita,
kuna lori la mtu wa Watamu linangoja.
Akarudisha saa tano na nusu.
Pembe tatu kazipangusa kwa fulana yake,
kaziweka mezani taratibu, kama mayai.
"Nimepita, mama mdogo."
Muhuri kwenye cheti ulikuwa bado mbichi,
ukamwachia wino kwenye kidole gumba.

Usiku, ng'ambo ya daraja la Sabaki,
kebo ya klachi ikakatika.
Giza la kutiana vidole machoni.
Taa ya nyuma, unajua ilikuwa wapi.

Alivunja matawi.
Hayo ndiyo niliyoonyeshwa asubuhi:
matawi matano ya mwarobaini, kayapanga juu ya lami,
hatua kumi, hatua kumi,
kama mtu anayeandika barua kwa lugha ya kuombea.
Na lori la chumvi la kutoka Gongoni
lilikuwa na taa zote mbili, nzima, halali,
lakini majani hayang'ai.

Kwenye daftari, ukurasa wa sitini na moja, mwandiko wangu:
*Kitsao. Pembe tatu, jozi. Zimerudi. Hazina mkwaruzo.*

Hakufa. Watu hutaka kusikia kwamba alikufa,
hadithi ikae sawa.
Mguu wa kushoto ndio uliobaki hospitalini.
Nilimpelekea zile pembe tatu kwenye mfuko wa karatasi, ziwe zake.
Akazitazama, akanitazama.
"Niziweke wapi, mama mdogo? Tuktuk wameichukua wenye deni."
Kisha akaniuliza kama nimekula.

Niliporudi nikakishika kizimamoto,
nikakigeuza, nikakisoma kwa mara ya kwanza.
Sindano imelala kwenye wekundu.
Tangu lini, sijui. Barasa naye hajui.
Orodha yake huuliza kama kipo tu.

Sasa nimefuta neno KUKODI kwenye kibao,
nimeandika KUUZA.
Mali mpya, nilichukua kwa mkopo wa chama, sindano kwenye kijani.
Tangu Jumatatu nimeuza kimoja,
kwa Mhindi mwenye duka la mbao.
Foleni imehamia upande wa pili wa barabara,
chini ya mwavuli wa kijana mmoja, mpole, mwenye haraka,
aliyekuja wiki iliyopita kuninunulia
kizimamoto kile cha zamani.

Nilimwambia ni kitupu.
Akasema, "Si neno. Kipo."